Mpango wa Mama hauguswi

Jumamosi usiku, mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi. Neno la Jumanne bado liko sikioni. Tanuru la pili la kuchomea chokaa limewaka tena baada ya siku 9, shemeji amemaliza kutoa mahari, bajeti ya mwaka ujao imepita, na yote hayo nimeyaona kwa mbali tu. Ninachosikia ni maneno manne ya Mdogo, kijana ninayefanya naye kazi, kuhusu mpango wangu wa kuchimba.

Tulikuwa tumesimama kwenye ngazi ya tatu ya karieri, machimbo yetu ya mawe, upande wa kaskazini, vumbi la mlipuko likiwa limetua. Katikati ya rundo la jiwe la kijivu nikaona udongo mwekundu umemwagika, mwingi, unyevu. Aliyefanya kazi na jiwe hili la chokaa la Kakontwe anajua: maji yamelila tangu zamani sana, yakaacha mapango, na mapango yakajaa udongo. Hilo halikunishangaza. Nikamwuliza mkubwa wa watoboaji kama mashine ilikuwa ikitoa vumbi jekundu.

"Ndiyo, Mama. Wiki 3 sasa. Tulimwambia Mdogo."

Nikamgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Mbona hukuniambia?"

Akainamia viatu vyake. "Mpango wa Mama hauguswi."

Angesema kwa kejeli ningemjibu pale pale, yakaisha. Alisema kwa adabu, kama mtoto anayeeleza kwa nini hakuingia chumba cha wazazi. Tangu siku hiyo, njiani, jikoni, nikinawa uso, nalisikia: hauguswi. Mara ni heshima, mara ni lawama. Nani alimfundisha? Nimetafuta wa kumsingizia, nimekosa. Mwezi wa 7 aliniuliza kwa nini njia ya malori inapita upande ule, nikamwambia, "Nimeshapiga hesabu," nikaendelea kuandika bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimechoka. Yeye angejuaje kwamba ni uchovu?

Na jambo lenyewe ni zito. Viwanda vya shaba na kobalti vinanunua chokaa yetu ili kuua ukali wa asidi, na kila lori linapimwa kabla ya kushusha. Tani 100 za jiwe safi kabisa zikiungua zinaacha tani 56 za chokaa. 44 zinatoka kwa bomba kama gesi. Ukiongeza udongo, unachoma mafuta kwa kitu kisichozaa chokaa, na silika iliyomo, madini yaliyo pia kwenye mchanga, inaikamata hata ile chokaa nzuri isifanye kazi. Isitoshe, udongo ukiingia tanuruni unaziba nafasi kati ya mawe, hewa haipandi. Ngazi ile ya kaskazini niliiweka akiba ya Desemba na Januari, mvua inapokolea na ngazi za chini kugeuka tope. Mawingu yameshaanza kukusanyika, na akiba yangu ina mfuko wa udongo.

Alhamisi nilimwita ofisini. Maneno niliyoyapanga sikuyatoa hata moja. Nilisema tu, "Nionyeshe."

Akatoa daftari la shule, jalada la bluu. Kila shimo la kulipulia na namba yake, mita ambayo vumbi lilianza kuwa jekundu, mita lilipoacha. Mashimo 64. Hakuna aliyemtuma. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameuchora mfuko wenyewe, mrefu, umelala kama mtumbwi kuelekea njia ya malori. Na kando yake, kwa penseli, mstari mwembamba sana: njia mpya inayouzunguka. Unapoteza jiwe kidogo chini ya mteremko, lakini udongo unabaki peke yake, unachimbwa na kutupwa bila kuchanganyika. Nilitafuta kosa kwa dakika 20, nikafungua hata programu, nikapima miteremko. Sikuliona. Furaha ilinipanda mpaka macho yakajaa, nikajifanya natafuta kitu kwenye droo.

Nikampa kalamu ya wino. "Pitisha."

"Juu ya mpango wa Mama?"

"Juu yake."

Mkono ulimtetemeka mwanzoni, halafu ukatulia. Jana tumesaini mpango mpya wa miezi 3, jina lake juu, langu chini. Kwenye gari alizungumza njia nzima mpaka tukaingia Lubumbashi, yeye ambaye huwa analala. Nikamwacha aseme.

Sasa nimefika nyumbani nakuta mchwa. Wametoka kwenye kichuguu cha nyuma ya jikoni, kile ambacho Papa alikataa kibomolewe, wakapanda ukuta hadi kwenye fremu ya mlango wa chumba cha Maman. Nimebonyeza mbao kwa kidole, kidole kimezama. Maman anafika Jumanne kutoka Kolwezi, na fundi tangu saa kumi hashiki simu.