Betri ya pili kwenye Prado, na waya ulionitisha

Tulikuwa Mikumi usiku wa pili, gari limepaki tangu jana yake, friji iko nyuma inanguruma taratibu, maziwa ya watoto na nyama vyote vya baridi, nikajiona tumefika. Asubuhi nageuza ufunguo nasikia tik tik tik, basi. Mita ikasoma volti 11.7. Dereva mmoja wa gari la watalii akanikuta nimefungua boneti, akasema "kaka, friji imekula betri yote hiyo", akatoa waya zake akaniboosti tukaondoka.

Niliporudi Dar nikampelekea fundi, akaweka betri ya pili kule nyuma kwenye buti, akavuta waya mmoja hadi betri ya mbele, chanya kwa chanya, kwisha kazi. Miezi kama minne hivi safari zinaenda fresh, ila betri ya nyuma haijai hata siku moja, nikadhani ni mbovu.

Siku moja nikanusa plastiki inaungua. Nikazima gari nikafuata waya kwa tochi, pale unapopita kwenye bati la kutenga injini na kabini hakuweka raba, tundu ni bati tupu lenye makali, ganda la waya limeliwa na shaba inang'aa kama upana wa kidole, imebaki nywele tu iguse bati. Na hakuna fyuzi hata moja! Ingegusa, betri ingemwaga umeme wake wote kwenye ule waya na watoto wamekaa juu yake. Nilikaa chini pale pale, kwa kweli.

Nikang'oa vyote nikaanza upya. Kwanza waya. Ule ulikuwa wa nyumbani, wa milimita 6 za mraba (unene wa shaba), ndo maana betri haikujaa: mbele altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, inatoa volti 14.2, nyuma inafika 13.6, nyingine yote inaishia njiani, tena ukipiga stata betri ya nyuma nayo inataka kusaidia kupitia huo huo waya mwembamba, lazima upate joto. Sasa hivi nimeweka wa milimita 25 za mraba, vichwa vyake vimebanwa kwa presi, sio kupondwa na koleo.

Katikati kuna rilei ya volti, swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe. Injini ikiwaka na betri ya mbele ikifika kama volti 13.3 inaunganisha zote mbili zichajiwe, ukizima ikishuka 12.8 inakata, kwa hiyo friji inakula ya nyuma peke yake na ya stata haiguswi. Hii inafaa kwa betri za asidi kama yangu. Lithiamu usiiunge hivi, yenyewe inavuta umeme mwingi mno altaneta inachemka, inataka chaja yake maalumu.

Halafu fyuzi, hapa naomba mnisikilize: ziwe MBILI kwenye huo waya mrefu, moja karibu na betri ya mbele na nyingine karibu na ya nyuma, maana kila betri ni chanzo cha umeme, ukiweka upande mmoja tu shoti ikitokea katikati ile nyingine inaendelea kuulisha. Zangu ni za ampea 100, zote ziko kama shubiri moja tu toka kwenye terminali. Friji, taa na chaja za simu kila kimoja kina fyuzi yake ndogo.

Ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, nimekwangua rangi hadi bati jeupe, nikakaza bolti, nikapaka grisi juu.

Friji yangu inavuta ampea 4 ikiwaka, nusu ya muda inakuwa imezima yenyewe, kwa hiyo siku nzima ni kama ampea-saa 48 (ampea mara saa). Betri ni ya ampea-saa 100 na siishushi chini ya nusu. Yaani siku moja ya kupaki, kesho yake lazima tuzunguke kidogo.

Juzi tumelala tena Mikumi. Saa kumi na mbili asubuhi nyuma inasoma 12.3, mbele 12.6, maziwa ya baridi, gari likawaka mara moja.