Dar mpaka Mbeya na Hilux zero kilometa

Mjomba kanunua Hilux mpya kabisa ya kiwanda, dizeli, manyuali, nailoni bado ziko kwenye siti, na mimi ndo nikapewa kazi ya kuifikisha Mbeya. Sa bongo wengi wetu tumezoea gari za Japani zilizokuja na kilomita zake laki moja na ushee, injini imeshazoea maisha zamani, kwahiyo likija suala la kuilainisha injini mpya, yani kuizoesha kazi kilomita zake za mwanzo, kila mtu ana dini yake. Mjomba mwenyewe aliniambia "nenda nayo 60 mpaka unafika, usizidishe", jirani yake dereva wa malori akasema ikimbize tangu siku ya kwanza la sivyo itakuwa nzito maisha yake yote.

Mimi nikafungua kitabu kinachokuja na gari, kile ambacho huwa kinazeeka kwenye dashibodi hakijaguswa. Toyota wanasema kilomita 300 za kwanza usifunge breki za ghafla, 800 za kwanza usivute trela, na 1,000 za kwanza usiende spidi kali sana, usikanyage mafuta kwa pupa, usikae sana kwenye gia ndogo, na hii ndo watu wanairuka, usiende spidi moja kwa muda mrefu. Yani ushauri wa mjomba wa 60 mwanzo mwisho nao haumo humo, samahani mjomba.

Sababu iko ndani ya silinda. Kuta zake zikitoka kiwandani zina mikwaruzo midogo midogo ya makusudi inayokatizana, inashika oili na inazisugua ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoizunguka, mpaka zikae sawasawa na ukuta. Na kinachoibana ringi ukutani siyo mvutano wake wenyewe tu, ni presha ya moto unaowaka juu ya pistoni. Ukiendesha kwa kuibembeleza muda wote presha inakuwa ndogo, ringi haibani, ile mikwaruzo inaweza kuzibika na ukuta ukateleza kama kioo kabla ringi hazijakaa, baadae unashangaa gari changa inakunywa oili. Ukiikamua kupita kiasi nako joto la msuguano linaharibu. Kinachotakiwa ni mzigo wa wastani unaopanda na kushuka, basi.

Na hapo ndo nikagundua barabara ya Tanzam imetengenezwa kwa kazi hiyo aisee. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, kila ukianza kuchanganya unakutana na kibao cha 50, matuta, na trafiki kajificha na tochi nyuma ya mti. Siku zingine ningelalamika, safari hii nilikuwa nafurahia kabisa, unashuka mpaka 50, unatoka kijijini unakanyaga taratibu gia ya tatu, ya nne, mshale wa mizunguko ya injini (rpm) unapanda mpaka 2,500 hivi, unaachia, unaanza tena. Hifadhi ya Mikumi spidi 70 mchana na faini za kugonga wanyama zimeandikwa pale pale, nani atakimbia, nilichofanya ni kubadilisha gia tu ili mshale usilale sehemu moja.

Ruaha Mbuyuni tumesimama kununua vitunguu, kijana wa vitunguu akanusa nusa akasema "braza gari yako inaungua". Kweli harufu ilikuwepo, nta na mafuta ya kiwandani yanaungua kwenye ekzosi yakipata moto kwa mara ya kwanza, gari nyingi mpya zinafanya hivo na inaisha yenyewe. Hata hivyo nikafungua boneti nikaangalia chini pia, hakuna tone, geji ya joto iko katikati, nikachomoa stiki ya oili nikaifuta nikaichomeka tena, iko kwenye alama ya juu. Gari mpya usiiamini kwa sababu ni mpya, oili uwe unaicheki.

Kitonga sasa. Mbele yetu semi-trela imebeba kontena inapanda kwa mwendo wa konokono, nyuma basi linapiga honi, huwezi kuovateki zile kona. Watu wengi hapa wanang'ang'ania gia kubwa eti wanaipumzisha injini, injini inakoroma gari inatetemeka, hiyo ndo mbaya kuliko resi yenyewe maana unaikandamiza nguvu kubwa ikiwa inazunguka polepole. Nikashuka gia ya pili, mshale ukakaa juu ya 2,000, gari ikapanda bila kelele, palipochanua kidogo nikaweka ya tatu nikarudi ya pili. Kile kipande kinaifanyia ringi kazi nzuri kuliko tambarare yote ya kutoka Moro.

Tambarare ya kuogopa iko mbele, Mafinga kwenda Makambako, misonobari huku na huku, barabara imenyooka, mguu unajisahau kwenye spidi moja. Hapo abiria anakusaidia, mwambie akukumbushe.

Mbeya mjomba akataka oili imwagwe hapo hapo, kwa wasiwasi wa chembe za chuma zinazosagika injini ikiwa mpya. Kwa injini za siku hizi ratiba ya kitabu inatosha, ila gari ni yake na oili aliyonunua ni ya daraja lile lile la kitabu, kwahiyo sikubishana. Ila kama ya kwako ni Honda iache oili ya kiwandani mpaka muda wake ufike, wao wenyewe ndo wanataka hivo.