Kipande cha Risasi

Juzi mtoto wetu mdogo alikuwa akitafuta tepu kwenye droo ya spana, akaibuka na donge la kijivu amelibeba kwa mikono miwili.

"Baba, hiki nini? Mbona kizito hivi?"

"Risasi."

Macho yakamtoka. Ikabidi nifafanue kwamba ni risasi ya madini, si ya bunduki. Watu husimulia walivyokoswakoswa na risasi. Mimi siku ile nusura niage dunia kwa kuikosa.

Ulikuwa msimu ule wa kumkondesha Kipanga, ndege ya injini niliyoijenga mwenyewe. Stata ya zamani, mota ya kuwashia injini, ilikaribia kilo 8, nikafunga mpya ya kilo 4. Propela ya aluminiamu nikaibadilisha kwa ya mbao, nikaokoa kilo nyingine 10. Jumla 14, zote kutoka puani. Ndege ukiijenga mwenyewe hakuna wa kukulazimisha utumie spea zilezile za kiwandani, na uhuru huo unalevya. Wiki tatu niliruka peke yangu, injini ikiwaka kwa mguso mmoja, Kipanga akipanda kama anaitwa juu. Trimu, ile ya kusawazisha pua isipande wala kushuka yenyewe, nilikuwa nikiisukuma mbele kuliko zamani, ni kweli. Nikasema ni upepo.

Hesabu nilipiga, msinione mzembe. Uzito wa kila kitu mara umbali wake, gawanya kwa uzito wote, unapata kitovu cha uzito, pale ndege inapojisawazisha, kiko wapi. Ila niliipiga ya rubani peke yake, matangi yamejaa. Jibu likanipendeza, nikafunga daftari.

Kisha akaja shemeji. Kilo 90, na begi. Kiti cha abiria kwenye Kipanga kiko nyuma yangu, na matangi siku hiyo yalikuwa nusu. Matangi yenyewe yako mbele ya mabawa, kwa hiyo mafuta yakipungua, uzito unazidi kurudi nyuma.

Dalili ya kwanza ilikuwa mkia. Kwa kawaida tukikimbia kupaa, nikisukuma mbele fimbo ya kuongozea ndege, unainuka upesi. Siku hiyo uligoma, ukagoma, halafu magurudumu yakaachana na ardhi kabla sijaomba. Pua ikaendelea kwenda juu. Nikasukuma fimbo, na hapo ndipo tumbo liliponishika: fimbo haikunisukuma. Siku zote ina ukinzani fulani mkononi, kama mtoto anayevuta upande wake. Sasa ililegea kama mlango usio na komeo. Ukiigusa kidogo, pua inaruka. Ukiirudisha kidogo, inazama na kupitiliza. Nilisukuma trimu mbele mpaka ikagota, nikaishika fimbo kwa vidole viwili tu, kwa sababu mkono mzima ulikuwa na nguvu kupita kiasi.

"Shem, leo unacheza?" sauti ikaja kwenye spika za masikioni.

"Shem, hebu legeza mkanda wa mabegani. Inama mbele kabisa, shika mgongo wa kiti changu."

Akainama. Pumzi zake nikazisikia shingoni, za moto, harakaharaka. Na vidole vyangu, naapa, vikasikia fimbo ikianza kurudisha ukinzani. Kidogo tu. Nikazunguka uwanja kwa kona pana sana, nikashuka injini nikiipa gesi zaidi kuliko kawaida, sikuthubutu kuvuta pua. Tuligonga chini kwa kishindo, na sijawahi kupenda kishindo namna ile. Shemeji hakuinuka mpaka propela iliposimama.

Mpaka leo anasimulia kwenye shughuli za ukoo kwamba nilimwambia asali. Sijamsahihisha.

Yaliyofuata ni mafupi. Mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, ndege imesawazishwa. Kwa yeye nyuma na matangi nusu, kitovu kilikuwa kimepita mpaka wa nyuma kwa zaidi kidogo ya sentimita 1. Upana wa ukucha! Nikafunga risasi kilo 9 mbele ya injini, vipande viwili, hadi nilipopata bamba la chuma la kukaa pamoja na propela.

Mdogo alisikiliza yote, donge likiwa mapajani.

"Kwa hiyo ulilipa uzito utoke, halafu ukalipa tena urudi?"

"Siyo wote. Kilo 5 hazikurudi."

"Hizo 5 ziligharimu kiasi gani?"

Nikamwambia akaendelee kutafuta tepu. Katalogi ilikuwa wazi mezani, ukurasa wa betri za lithiamu, na betri ya Kipanga, kama mnavyojua, inakaa mbele, nyuma tu ya injini. Betri mpya ni nyepesi mno. Aliponyanyuka kurudisha kile kipande kwenye droo nikamwita.

"Kiache hapa mezani kwanza."