Kuyafuata maji ya Ruaha mpaka Mtera

Niliondoka Iringa alfajiri nimejifunga koti, nikashuka Migoli, jirani na Mtera, nimelikunja kwapani. Ukimaliza kona za Nyang'oro, baridi ya mlimani inabaki nyuma, mibuyu inaanza, na joto linakupokea.

Nimekulia Ipogolo, tukioga Ruaha Mdogo kila jioni, na sikuwahi kuyafuata yale maji nione yanakoishia. Yanaingia Ruaha Mkuu utokao bonde la Usangu, Mbeya, kisha yanatua hapa kwenye bwawa la Mtera, ambako Mto Kisigo nao unamwaga. Bwawa lilijengwa miaka ya 1970 kuiwekea akiba ya maji mitambo ya umeme ya Kidatu, chini zaidi ya mto. Mtambo wa hapa penyewe, wa megawati 80, ulikuja mwaka 1988. Maji yaleyale yanafua umeme Mtera, yakateremka kuufua tena Kidatu.

Miti iliyozamishwa bado imesimama majini, mikavu, myeupe, ndege minandi wamejipanga matawini. Niliitazama kwa muda mrefu. Hapo palikuwa nchi kavu, watu wakipita.

Ufukweni mama mmoja alikuwa anapara perege. Mpini wa kisu chake ameuzungushia mpira wa baiskeli, na magamba yamemganda mpaka kiwikoni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Karibu samaki."

Nikamuuliza kuhusu maji. Akaelekeza kisu kwenye kisiki kimoja, mbali kidogo, palipooteshwa mahindi kwenye tope. "Nilikuwa napara pale. Maji yakirudi nyuma tunayafuata. Yakijaa, yanatufukuza sisi na mahindi yetu."

Hapo ndipo roho iliponiuma. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu unakatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakibanana kwenye vidimbwi, kwa kuwa maji mengi yanachepushwa kwenye mashamba ya mpunga Usangu. Siwalaumu wakulima, mchele wa Mbeya ndio tunaoula Iringa. Lakini mfereji unaoachwa wazi hata baada ya mavuno, maji yakipotelea mashambani bure, huo nauona ni dhuluma kwa huyu mama.

Nilinunua perege wanne. Alipokuwa ananirudishia chenji akaniuliza, "Huko juu kwenu mvua zimeanza?"

Nikamwambia bado.