Jinsi Nilivyochagua Rangi ya Almasi ya Pete Yangu Mpya

Almasi ya pete yangu ya uchumba ilidondoka siku ambayo sikuijua, na nilipokuja kugundua nilikuta nafasi tupu katikati ya vikucha vinne vya dhahabu. Sonara alituonyesha kwamba kikucha kimoja kilikuwa kimelika kwa miaka mingi ya kuvaliwa, na kwamba pete yenyewe ilikuwa imekonda kiasi cha kutofaa kubeba jiwe jingine. Mimi na mume wangu tukakubaliana kutengeneza pete mpya kabisa, ambayo ingekaa kidoleni pamoja na pete yangu ya ndoa. Hiyo ya ndoa ni ya dhahabu ya njano, ina almasi tano ndogo, na sikuwa tayari kuibadilisha.

Tangu mwanzo nilitaka jiwe la daraja la juu kabisa la rangi. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni kile cha GIA, taasisi ya vito ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931, nacho huanzia herufi D na kuishia Z. Hakikuanzia A kwa sababu wauzaji wa zamani walikuwa wamekwisha kuzitumia A, B na C kila mmoja kwa namna yake, na taasisi ikataka kipimo kisichochanganywa na vile. Mawe ya D, E na F huhesabiwa kuwa hayana rangi. G hadi J yana rangi hafifu mno. Kuanzia K umanjano huanza kujitokeza, na huzidi kadiri herufi zinavyoelekea Z. Umanjano huo kwa kawaida hutokana na nitrojeni iliyonaswa ndani ya almasi ilipokuwa ikijiunda ardhini, ambayo hufyonza sehemu ya mwanga wa buluu. Kwa jinsi nilivyolipenda jiwe langu la zamani, niliamini bila shaka yoyote kwamba lilikuwa miongoni mwa yale yasiyo na rangi.

Kisha tukakipata cheti chake katika bahasha ya nyaraka za ndoa. Kiliandikwa J.

Nilikisoma mara mbili. Kwa miaka yote niliyolivaa jiwe lile nilikuwa nimeliona jeupe, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia vinginevyo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nataka kulipia herufi nisiyojua kama macho yangu yangeiona, nikamwomba sonara anionyeshe mawe yenyewe kabla hatujazungumza habari ya kununua.

Aliweka mawe matatu ya mviringo yanayokaribiana ukubwa, D, G na J, juu ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, uso wa kila jiwe ukiwa umelazwa chini. Tukasogea dirishani, mahali penye mwanga wa mchana usiopigwa na jua moja kwa moja, kwa kuwa, kama alivyonieleza, taa kali za dukani hufanya kila jiwe limeremete na kuficha tofauti. “Mama, yatazame kwa ubavu,” aliniambia, “kwa sababu hata maabara huyapima hivyo.” Kwa ubavu niliiona J mara moja, kama maji yaliyotiwa tone moja la chai. Alipoyageuza yakatazama juu, ule umanjano ukamezwa na mmeremeto, na alipoyachanganya sikuweza kusema kwa hakika lipi ni G na lipi ni J. D niliitambua, lakini ni kwa kuwa ilikuwa kando ya wenzake.

Jaribio lililoniamulia lilikuwa la pete ya ndoa. Kwanza tuliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, jambo ninalomsihi kila mtu afanye kabla ya kulinganisha, maana mafuta ya ngozi hufifisha almasi na kumfanya mtu alaumu rangi isiyo na kosa. Kisha sonara akalishika kila jiwe kwa koleo karibu na zile almasi tano. D ilisimama peke yake, nyeupe na baridi, na zile ndogo zikaonekana za njano kuliko nilivyowahi kuziona. Jiwe jipya lingekuwa limeishusha hadhi pete niliyokusudia kuipamba. J ilitulia nazo kama ndugu.

Dhahabu ya njano ilisaidia pia. Vikucha vya njano hujiakisi ndani ya jiwe, kwa hiyo hata D iliyofungwa humo hupokea ujoto kidogo, na fedha iliyolipiwa weupe wake huwa haionekani sana. Kama pete yangu ingekuwa ya platini au ya dhahabu nyeupe, ningepanda hadi G au H bila kusita, kwa sababu metali nyeupe huusaliti umanjano.

Basi kwa nini sikuchukua J tena? Kwa sababu ya ukubwa. Jiwe la zamani lilikuwa la karati 0.70, nasi tulikusudia karati 1.20, na rangi huonekana zaidi katika jiwe kubwa. Wakati fulani nilivutiwa na umbo la yai, lakini lile la J tulilolitazama lilikuwa limekusanya umanjano kwenye ncha zake mbili, nikalirudisha. Nikabaki na mviringo, ambao huficha rangi vizuri zaidi, na nikachagua daraja la I.

Cheti cha jiwe hilo kilitaja kwamba hutoa mwanga hafifu wa buluu likimulikwa kwa miale ya urujuanimno. Nilitaka kujua kama hilo ni kasoro. Sonara alisema kwamba mwanga huo ukiwa mkali sana huweza, katika mawe machache, kuleta ukungu, ila ukiwa hafifu haudhuru. Tulilitoa nje juani na halikuwa na ukungu wowote.

Fedha tuliyoiokoa kwa kutonunua D tuliielekeza kwenye ubora wa ukataji, na hapa msimamo wangu ni thabiti: almasi ya I iliyokatwa kwa vipimo sahihi hurudisha mwanga mwingi hadi jicho likasahau kutafuta rangi, ilhali D iliyokatwa vibaya huonekana imekufa katikati. Pia niliomba vikucha sita badala ya vinne. Pete mpya imekaa kando ya ile ya ndoa, na nikizitazama pamoja dirishani, zile almasi tano ndogo zimebaki nyeupe kama zilivyokuwa siku nilipovishwa.