Kwa nini miaka 14?

Mwaka 2018, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchi nzima, mwalimu mkuu wa shule aliyokuwa akisoma mwanangu hapa Mwanza aliniomba niwaeleze wazazi chanjo hiyo ni kitu gani, kwa kuwa alijua ninafanya kazi maabara. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Nilieleza habari za virusi vya HPV, hasa aina ya 16 na ya 18, ambazo husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hiyo, na nikamtaja hata Harald zur Hausen, Mjerumani aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuugundua uhusiano huo. Wazazi walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mama mmoja aliyeketi dawati la nyuma alisimama, akakaza khanga yake kiunoni, akauliza: "Daktari, nina swali dogo tu. Kwa nini miaka 14? Kwa nini asichanjwe wa miaka 10, au dada yake wa 20, bali huyu huyu aliyevunja ungo juzi?"

Mimi si daktari, lakini sikumsahihisha. Nilimjibu kwamba huo ndio umri uliopangwa na wataalamu. Akaketi. Siku ya chanjo binti yake hakuonekana shuleni.

Kinachonisumbua hadi leo ni kwamba jibu la kweli nilikuwa nalo, na wala halikuwa siri. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza wasichana wa miaka 9 hadi 14, ila wakati ule dozi zilikuwa hazitoshi duniani, na Tanzania ikaamua kuanza na wa miaka 14, ambao wangeachwa wasubiri wangeuvuka umri huo kabla zamu yao haijafika. Sababu ilikuwa uhaba wa dozi, na haikuhusiana hata kidogo na kuvunja ungo. Niliinyamazia kwa kuwa niliona haya kusimama mbele ya wazazi na kukiri kwamba sayansi niliyokuwa nikiisifu nayo hupungukiwa bidhaa kama duka la mtaani.

Mahali nilipopaacha wazi hapakukaa wazi kwa muda mrefu. Wiki haikwisha kabla sijasikia, kwenye daladala, kwamba sindano ile ni uzazi wa mpango unaotolewa kwa hila. Wenzangu kazini walicheka, nami nilicheka nao, ingawa nikiyapima maneno yale sioni ujinga ndani yake. Sindano wanapewa wasichana peke yao, katika umri wa kubalehe, bila maelezo ya umri huo, na jina lake lina neno "kizazi". Sisi tukisema "mlango wa kizazi" tunaona mchoro wa kiungo cha mwili. Mzazi hulishika lile neno la mwisho, ndiyo maana mtaani kwetu iliitwa sindano ya kizazi.

Mwaka 2024 utaratibu ulibadilika: badala ya dozi mbili ikawa moja, na umri ukawa miaka 9 hadi 14. Niliitwa tena, na safari hii nilianza na kile nilichokificha mwanzo. Nilieleza kisa cha miaka 14, na nikasema waziwazi kwamba ningepaswa kukieleza siku ile ile. Nilitangulia kuwaambia pia kwamba mkono utauma, na kwamba baadhi ya wasichana huzimia kwa woga wa sindano, hivyo wataketishwa kwa dakika 15, kwa sababu msichana mmoja akianguka bila wazazi kuonywa, jioni habari imekwishafika mpaka sokoni.

Kuhusu kilichomo ndani ya chupa, niliacha mchoro nikatumia karanga. Chanjo hii ni protini iliyojipanga kwa umbo la ganda la kirusi, bila chembe za urithi ndani yake, kama ganda la karanga lisilo na punje: ukilipanda haliwezi kuota, lakini hata ukilipapasa gizani utajua kwamba hii ni karanga, na kesho ukiipata yenyewe hutaikosea.

Swali la dozi moja lilikuwa gumu zaidi, kwani aliyeambiwa mbili jana ana haki ya kuuliza kama leo anapunjwa. Niliwaeleza kwamba utafiti mmojawapo ulifanyika hapa hapa Mwanza kwa wasichana 930, ukipima kinga inayobaki mwilini baada ya dozi moja, mbili au tatu. Mwingine ulifanyika Kenya kwa wasichana na wanawake vijana 2,275. Matokeo yake huandikwa kama ufanisi wa asilimia 97.5, namba ambayo kwa mzazi haina uso. Nikaisema hivi: waligawanywa makundi matatu, mawili yakapata dozi moja ya chanjo ya HPV, la tatu likapewa kwanza chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Baada ya miezi 18, maambukizi ya aina ya 16 na 18 yaliyong'ang'ania yalikuwa 36 katika kundi hilo la tatu, na moja moja katika kila kundi kati ya yale mawili.

Yule mama alikuwepo, sasa akiwa na kitinda mimba wa miaka 10. Aliuliza kwa nini wavulana wameachwa. Nikajibu kwamba nao hubeba virusi hivyo, na zipo nchi zinazowachanja, lakini hapa dozi zimeelekezwa kwanza kwa wasichana, kwa kuwa saratani hii ni yao. Hakusema amekubali. Alichana karatasi katikati ya daftari la mtoto, akaniomba nimwandikie zile namba, kwa sababu mume wake alikuwa ziwani kwenye dagaa na angerudi asubuhi akiwa na maswali yake. Niliandika 36, 1 na 1, na upande wa pili, kwa herufi kubwa, sababu ya miaka 14.