Siku Moja Maishani Mwangu: Kuimarisha Bodi ya Faiba ya Lotus Elan ya 1967

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilifungua karakana, na kabla ya kugusa zana yoyote nilisoma kipimajoto. Mwishoni mwa Novemba hapa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, banda huwa limepoa usiku kucha, na siku hiyo lilikuwa na nyuzi 9. Resini ya poliesta, gundi ya majimaji ambayo ikiganda pamoja na nyuzi za kioo huwa faiba, hugoma kuganda sawasawa katika baridi ya namna hiyo, nami hupenda kuifanyia kazi kati ya nyuzi 18 na 20. Ninachopasha joto ni bodi yenyewe ya Lotus Elan, gari dogo la michezo la Uingereza, maana hewa ya banda hupata joto upesi huku faiba ikibaki baridi kama jiwe. Huwasha hita ya umeme. Jiko la gesi hutoa mvuke wa maji unaotua juu ya faiba bila kuonekana, mbali na hatari ya moto penye asetoni ya kusafishia na stairini, kimiminika kilichomo ndani ya resini.

Saa mbili kasoro robo alifika mpwa wangu, ambaye hunisaidia siku za Jumamosi. Bodi ilikuwa imekwisha kutolewa kwenye chesisi na kulazwa kichwa chini juu ya vigoda vilivyofunikwa mablanketi. Mtu aliyezoea magari ya bati hushangaa kuona bodi nzima ikibebwa na watu wanne bila kutoka jasho. Elan, iliyotoka mwaka 1962, haikuundwa kama Elite, gari la Lotus lililoitangulia, ambayo faiba yake ndiyo iliyobeba kila kitu. Hii ina chesisi ya chuma iliyo kama uti wa mgongo katikati, na bodi hufungwa juu yake kwa boliti zinazoingia kwenye bobini, vipande vidogo vya metali vyenye tundu, vilivyozikwa ndani ya faiba. Kwa hiyo anayeiimarisha hana haja ya kuifanya ngumu kila mahali. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mzigo unaofika mahali pamoja unasambaa taratibu hadi kwenye eneo pana.

Saa mbili na nusu tulianza kugonga. Huchukua sarafu nikaigongagonga juu ya faiba kila baada ya sentimita mbili tatu: palipo pazima hulia kwa sauti kali, na pale ambapo matabaka yameachana hulia kwa sauti iliyozibwa, kama nazi iliyoharibika. Chini ya madigadi ya mbele ya kushoto tulikuta kiraka kinene karibu milimita 9, kilichobandikwa miaka mingi iliyopita na fundi nisiyemjua, ilhali bodi inayokizunguka haizidi milimita 3. Upande wa nje, kwenye rangi, nyufa zenye umbo la nyota zilikuwa zimejipanga kuufuata ukingo wa kiraka hicho.

"Mjomba, mbona palipo panene pamezungukwa na nyufa?" aliniuliza.

Nilimwambia ashike rula ya plastiki na kubana nusu yake mezani, kisha aipinde. Hupindika pale pale kwenye ukingo wa meza. Kiraka kinene chenye ukingo wa ghafla huifanyia faiba vivyo hivyo: gari linapotikisika, sehemu nyembamba hujikunja mahali pamoja tu, na koti gumu la nje ndilo hupasuka kwanza. Fundi yule alikusudia mema, lakini aliliongezea gari uzito na kuuhamisha ufa sentimita kumi.

Kuanzia saa tatu hadi karibu saa sita tulisaga. Sehemu hii haina raha yoyote, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Tulivaa ovaroli, miwani na barakoa za chujio, tukatumia msasa wa namba 40 kuondoa kiraka cha zamani, kisha tukautengeneza mteremko mrefu kuzunguka eneo lote, kiasi cha urefu wa mara kumi na mbili ya unene wa bodi. Palipokuwa na mafuta ya injini nilipafuta kwa asetoni kabla ya kusaga, kwa kuwa msasa huyasukuma mafuta ndani zaidi. Resini mpya haiungani kikemia na ile ya 1967 iliyokwisha kukomaa. Hushika kwa meno yake tu, na meno hayo ni mikwaruzo ya msasa. Vumbi la faiba huwasha kuliko upupu, na tangu nilipokuwa nikitengeneza boti Mombasa huanza kunawa kwa maji baridi.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa jana. Saa saba na nusu tulikata mikeka ya nyuzi za kioo ya gramu 450 kwa mita ya mraba, ambayo kila tabaka moja huongeza takriban milimita moja. Meza tuliyokatia ni Workmate ya kukunjwa, na sikosi kutabasamu nikikumbuka kwamba Ron Hickman, mbunifu wa Elan, ndiye aliyebuni pia meza hiyo. Vipande vilikuwa vitatu: sentimita 40 kwa 30, kisha 34 kwa 24, kisha 28 kwa 18, kila kinachofuata kikiwa kidogo ili ukingo upungue kwa ngazi. Kwenye mizani vilifika gramu 113. Nikapima resini gramu 255 na kichocheo cha kuigandisha gramu 5, yaani asilimia 2. Mpwa wangu alitaka kuongeza matone mawili kwa ajili ya baridi, nikamkataza, kwa sababu baridi tulikwisha kuiondoa kwa hita.

Saa nane kamili tulipaka resini kwanza, tukalaza mkeka juu yake, tukaisubiri ipande kutoka chini. Gundi inayoshikanisha nyuzi za mkeka huyeyushwa na stairini iliyomo katika poliesta, na hii ndiyo sababu sikutumia epoksi, resini ya aina nyingine isiyo na stairini, ingawa nakiri kwamba epoksi hushika bodi kuukuu vizuri zaidi. Anayeitaka atumie kitambaa kilichofumwa. Rola ya chuma ilitembea kutoka katikati kwenda pembeni ikifukuza mapovu. Resini iliyobaki koponi niliitoa nje, ikapata joto hadi ikatoa moshi.

Saa tisa, resini ilipokuwa kama ngozi, nilikata nyuzi zilizoning'inia kwa kisu chenye makali. Ukichelewa nusu saa hapo, utahitaji msumeno.

Ilibaki bobini moja iliyolegea, inayozunguka tunduni mwake. Nilitamani kuigandisha siku hiyo hiyo, lakini ikikaa kombo kwa milimita mbili boliti haitapata tundu lake, kwa hiyo itasubiri Jumatatu, bodi ikiwa imekalishwa juu ya chesisi. Nyufa za nje nazo zitachimbwa kiraka cha ndani kikikomaa.

Saa kumi kasoro robo jua lilizama. Nilibonyeza ukingo wa kiraka kwa ukucha, bado uliacha alama. Nikaiacha hita ikiwaka polepole, nikafunga mlango.